Maziwa Si Chakula

Nyamirambo, Kigali
28 Machi 1993

Shangazi Mwamini,

Shikamoo. Idi tumeila salama, mama hajambo isipokuwa magoti, na cherehani aliyoniachia marehemu baba bado inashona. Mazuri yameishia hapo. Sasa nakuletea kilio changu.

Ni uso, shangazi. Picha niliyoitia humu ilipigwa wiki iliyopita, na tafadhali usiionyeshe watu. Chunusi zimejaa toka kwenye paji mpaka chini ya taya, na si vile vipele ulivyoniambia vitaondoka nikishafika miaka ishirini. Nina ishirini na mmoja. Hizi ni kubwa, zina usaha, zinauma nikilalia shavu. Nimepaka limau, nimepaka majivu, nimepaka krimu za sokoni mpaka ngozi ikachubuka. Mama anasema damu inachemka, na zitaisha nikiolewa. Lakini kuolewa kwenyewe ndiko kunakotaka kuharibika kwa sababu ya chunusi.

Unajua harusi yangu na Gasana tumeiweka tarehe 12 Juni, baada ya Idi ya kuchinja. Jumapili mama yake alikuja kutoka Masoro kunitazama. Ni mjane, ana ng'ombe sita na macho makali. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua kitambaa, akamwuliza mama, "Huyu mutoto iko na nini kwa uso?" Mama akajibu ni joto. Shangazi, Kigali ya siku hizi ukiota kipele watu wanasema ni SIDA, huko mnaita UKIMWI. Hawakuambii, wanangoja upite. Na Mama Gasana ana mdogo wake, Kirezi, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

Wewe unagawa dawa hospitali kila siku. Nitumie na mimi. Barua hii anakuletea Bizimana, dereva wa lori, na atapita Kahama tena akirudi. Uchumba wangu uko usoni kwangu, na uso ndio huo kwenye picha.

Binti wa kaka yako,
Shakira Uwimana


Kahama
7 Aprili 1993

Shakira mwanangu,

Marahaba. Picha nimeiona, na nimemwonyesha mtu mmoja tu, daktari wetu, kwa hiyo usinung'unike. Amesema hizo ni chunusi za kutibiwa kwa dawa ya kumeza, siyo kwa limau. Majivu! Kaka yangu alikulipia shule ukajipake majivu?

Anayo Bizimana bahasha yenye tetrasaiklini, zile huku tunaziita rangi mbili, za wiki sita. Soma polepole, kisha soma tena. Utameza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, tumbo likiwa tupu, saa nzima kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Meza kwa bilauri nzima ya maji ukiwa umekaa wima, wala usilale papo hapo, kitakuchoma koo. Jua la mchana likwepe, maana dawa hii inafanya ngozi iungue upesi. Usimgawie mtu hata kimoja, awe anaumwa jino au anaumwa moyo.

Tena nakuuliza bila kupepesa macho, kwa kuwa shangazi ndiye wa kuuliza hayo: siku zako umeziona lini? Kama una mimba au una wasiwasi nayo, usiiguse dawa hii, inaharibu meno ya mtoto tumboni. Kama huna, anza kesho.

Na uwe na subira. Hii si sabuni. Wiki ya sita ndipo utaanza kuona tofauti.

Shangazi yako,
Mwamini


Nyamirambo
1 Mei 1993

Shangazi,

Shikamoo. Siku zangu naziona kama kawaida, mimba nitaipata wapi wakati Gasana hata mkono hajanishika. Dawa nilianza siku ileile, na leo ni wiki ya tatu. Uso ni uleule. Nasema uongo, umezidi, kuna chunusi mpya puani.

Najua umesema wiki sita. Lakini nilidhani itaondoka walau moja, ya kunipa moyo.

Habari njema ni kwamba Mama Gasana ameanza kuniletea maziwa. Kila alfajiri mzee Nkusi, anayechunga ng'ombe wake, anashuka na baiskeli yake kutoka Masoro na icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa, kimejaa mpaka shingoni, bado ya moto. Mama alilia kwa furaha. Wewe umekaa Tanzania miaka mingi lakini hujasahau maana yake: msichana anayeletewa maziwa ya nyumba ameshakuwa wa nyumba. Nami nanenepa, gauni la harusi nimelifungua ubavuni mara moja tayari.

Ila uso, shangazi. Huyo Kirezi alipita jana kushonesha sketi, akakaa saa mbili nzima kwa sketi ya dakika kumi. Alikuwa ananihesabu chunusi.

Shakira


Kahama
9 Mei 1993

Shakira,

Umenichosha, na bado tuna mwezi mzima wa kuchoshana.

Nimemrudia daktari. Anasema wiki ya tatu ni mapema, lakini anashangaa kwamba zimeongezeka na hata wekundu haujapungua. Ananiuliza, mgonjwa anameza kweli? Basi nijibu. Unaruka siku? Unapaka bado takataka za sokoni juu yake? Unakula chapati kwanza kisha ndio unakumbuka kidonge?

La mwisho naliuliza nikiwa nimekaza moyo. Rangi mbili ninazijua safari zake. Wanaume wanapopata maradhi ya kwenda haja ndogo kwa machozi, dawa hii ndiyo wanayoitafuta, tena kwa siri. Kama Gasana amekuomba "vichache tu", sema. Mficha maradhi kilio humuumbua. Sitamwambia mtu, lakini usinifanye mjinga, maana dawa hii nimekuwa nikiigawa tangu hujazaliwa.

Nimempa Bizimana za wiki sita nyingine.

Mwamini


Nyamirambo
17 Mei 1993

Shangazi Mwamini,

Shikamoo, ingawa nimeinama kwa shingo ngumu.

Umenitukana mimi na mchumba wangu katika karatasi moja. Gasana hajui hata kwamba ninameza kitu! Ningemwambiaje? "Mpenzi, ninatibiwa uso wangu mbaya"? Vidonge navificha kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, na hakuna kilichotoka isipokuwa kuingia kinywani mwangu.

Unataka kujua ninavyomeza, haya. Ninaamka na adhana. Chakula sitii mdomoni, hata tonge. Nakunywa kidonge na bilauri ya maji kama ulivyosema, nimekaa wima kama bibi harusi. Tumbo linaanza kuwaka. Hapohapo mzee Nkusi anagonga, napokea maziwa, nayanywa yakiwa moto, na moto wa tumbo unazimika. Mama anasema hivyo ndivyo dawa kali inavyopozwa tangu zamani. Jioni vilevile, kidonge, kisha kikombe cha yale niliyobakiza, maana maziwa hayalazwi bure na hayamwagwi. Halafu nakaa na njaa saa nzima kabla ya kula. Nimefuata neno kwa neno! Kama dawa yako haina nguvu, iseme yenyewe, usinisingizie mimi.

Kubwa zaidi halijakufikia. Jumatano Kirezi alitafuta kifungo kwenye kopo langu bila kuomba, akaibuka na kidonge. Nikasema ni cha malaria. Akasema, "Malaria ya kila siku?" Kabla ya jioni Masoro nzima ilikuwa imejua kwamba mkwe wa Mama Gasana anakunywa dawa kwa kujificha. Gasana amekuja ananiuliza mara tatu kama mimi ni mzima. Mara tatu, shangazi, na kila mara anatazama shavu langu, si macho yangu.

Nisaidie au niache.

Shakira


Kahama
25 Mei 1993

Shakira,

MAZIWA!

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye dirisha la dawa, nikapiga ukelele mpaka mgonjwa mmoja akajishika kifua. Maziwa, mwanangu! Asubuhi na jioni, juu ya kidonge! Nimekuambia tumbo liwe tupu, wewe unamimina nusu ya ng'ombe!

Sikiliza. Maziwa yana kitu ndani yake kinachoishika hii tetrasaiklini tumboni na kuifunga. Haipiti kwenda kwenye damu. Inashuka na maziwa, inatoka na maziwa, na wewe unabaki na uso wako. Hujatibiwa, Shakira. Tangu Aprili umekuwa ukikilisha choo dawa ya hospitali.

Nilirudi nyumbani nikiwa bado ninafoka, nikakaa, nikaisoma barua yangu mwenyewe niliyoinakili. Nimeandika chakula. Sikuandika maziwa. Huku Kahama ukimwambia msichana asile, anaelewa asinywe hata chai. Nikasahau ninamwandikia mtu wa kwetu, ambako mtu atakuapia tangu jana hajala kitu, na ameshakunywa lita mbili. Maziwa si chakula, maziwa ni maziwa. Mimi mwenyewe nimekua hivyo, nimelelewa na mama aliyemezesha kila mzizi kwa maziwa. Kwa hiyo kosa ni langu, nami nakuomba radhi, na radhi hiyo hutaipata mara mbili.

Kuanzia leo: kidonge na maji tu. Maziwa ya asubuhi usiyapokee, au waambie wakuletee saa sita mchana, katikati ya kidonge na kidonge. Hayo yanywe ushibe, hayana ubaya. Na hesabu yako ya wiki sita inaanza upya, maana yake tarehe 12 Juni utaolewa na chunusi zako. Kama Gasana anaoa uso, heri ulijue sasa.

Mwambie ukweli. Malaria! Kwa nini malaria?

Mwamini


Nyamirambo
2 Juni 1993

Shangazi,

Nimefanya ulivyosema na nimebomoa nyumba.

Jumapili mzee Nkusi alipogonga nilimwambia, leo sitapokea, rudi nayo, mwambie mama alete saa sita. Yule mzee aliniangalia kama nimemtukana. Akasema, "Mutoto, nirudishe maziwa imejaa? Mimi niingie namna gani kwa ule lango?" Nikasema ndiyo. Akaondoka anasukuma baiskeli, hakupanda.

Ulikumbuka maziwa tu, ukasahau maana ya kuyarudisha! Icyansi kikirudi kimejaa, msichana amekataa ng'ombe, na aliyekataa ng'ombe amekataa mtu. Hilo la saa sita halikumfikia, au lilimfikia akaliona ni dharau ya mtu wa mjini. Kirezi ameongezea la kwake, kwamba wagonjwa wa SIDA ndio matumbo yao hayashiki maziwa.

Idi ya kuchinja ilikuwa jana. Hatukuletewa hata ukwato. Gauni limetundikwa ukutani na mama ameligeuza lielekee ukuta.

Ninaendelea kumeza. Na maji. Sijui kwa ajili ya nani.

Shakira


Masoro
4 Juni 1993

Kwa mama Mwamini, Kahama,

Mimi iko Mama Gasana. Kuandika sijui, anaandika mwalimu Zephaniah, jirani yangu, na mimi nasema asiongeze neno na asipunguze.

Bwana wangu alikufa, akaniachia mutoto mumoja na ng'ombe. Huyu Gasana ndiye macho yangu. Binti yenu nilimupenda. Nilimupa maziwa ya Bihogo, ile ng'ombe ya kwanza ya nyumba, siku arobaini na nane bila kukosa, hata siku barabara ilifungwa na askari, Nkusi alipita kwa shamba. Siku ya arobaini na tisa maziwa ikarudi imejaa. Tangu nizaliwe sijaona.

Watu banasema binti yenu iko mugonjwa ya ule ugonjwa na iko anakunywa dawa yake kwa siri. Yeye anasema malaria. Wewe ndiye shangazi, na iko kazi ya dawa. Sema ukweli mbele ya Mungu. Kama ni mugonjwa, mimi nitalia na yeye lakini mutoto wangu sitamutoa. Kama si mugonjwa, maziwa yangu ilimukosea nini?

Mimi Mama Gasana, kidole changu hiki hapa.

(Nimeandika kama alivyosema. Zephaniah.)


Kahama
9 Juni 1993

Dada yangu Mama Gasana,

Mwalimu Zephaniah akusomee taratibu, na asome yote hata anapoona haya.

Shakira si mgonjwa wa ugonjwa huo. Anatibiwa chunusi, hizo hizo ulizoziona dirishani. Dawa nilimpa mimi. Alisema malaria kwa kuwa aliona aibu kumwambia mama mkwe kwamba anatafuta uso wa kumpendeza. Kwa kuficha jambo dogo ameonekana ana kubwa, na nimemkaripia mpaka wino umekwisha.

Maziwa yako hayakukosea. Yalishinda. Dawa ile haiwezi kusimama mbele ya maziwa, inafungwa tumboni na kutupwa nje, na ya Bihogo kwa jinsi unavyoyasema yangefunga hata dawa mbili. Hilo sikumwambia mapema. Nilikuwa nimesahau kwetu. Nilipokumbuka nikamwambia ayakatae asubuhi, nikasahau tena kwetu. Kama kuna wa kulaumiwa, niko hapa Kahama, lori linafika. Mletee maziwa saa sita mchana, atakunywa mpaka tone la mwisho na kukushukuru.

Sasa la pili, na hili nalisema kama mama kwa mama. Ikiwa bado una shaka, damu inapimwa hapo mjini, na Shakira ataenda, nimemwamuru. Lakini asiende peke yake. Naambiwa uso wa Gasana ni laini kama wa mtoto. Mimi nimekaa kwenye dirisha la dawa miaka ishirini na sita, dada yangu, na nimewaona wengi wenye uso laini. Uso si cheti. Waende wote wawili, siku moja.

Ndugu yako,
Mwamini


Kahama
18 Julai 1993

Shakira,

Tarehe 12 Juni imepita, na mwezi mzima baada yake, na sina hata kipande cha karatasi. Nimempa Bizimana vidonge mara ya tatu, anasema amekukabidhi mkononi, ukasema ahsante, ukaingia ndani. Ahsante! Umeolewa? Umefukuzwa? Mama yako yu hai? Unameza na nini safari hii, na siagi?

Usiniadhibu kwa kunyamaza. Nipige kwa maneno, nimezoea.

Shangazi yako anayezeeka kwa ajili yako,
Mwamini


Nyamirambo
22 Agosti 1993

Shangazi wangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa nangoja niwe na habari moja nzima, ila zilikuwa zinakuja vipande vipande, na kila kipande kilinichoma mahali pake.

Uso umesafika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilolifanyia kazi. Yamebaki makovu mawili shavuni na doa moja la jua. Kirezi, huyohuyo, alikuja wiki iliyopita kunong'ona kama ninaweza kumpatia rangi mbili za binti yake. Nilimwambia ni dawa ya malaria.

Barua yako Mwalimu Zephaniah aliisoma mara mbili, maana Mama Gasana alimwambia arudie pale pa mwisho. Harusi ikaahirishwa. Tukapanga siku ya kwenda kupima, Jumatatu. Nilingoja mlangoni pa kituo toka saa mbili, Gasana hakuja. Nikapimwa peke yangu. Jumatatu ya pili alisema ana mzigo wa kupokea. Ya tatu alinifokea barabarani, "Wewe na shangazi yako munataka kunipima kama ng'ombe ya soko?" Huyo ni mtu aliyeniuliza mara tatu kama mimi ni mzima.

Majibu yangu yakatoka. Sina kitu. Niliipeleka karatasi Masoro mwenyewe, Mama Gasana akaishika muda mrefu ingawa hajui kusoma, kisha akamwita mwanawe. Sikukaa kusikiliza. Nilisikia sauti yake tu, ya mama. Wiki iliyofuata Gasana alipanda gari la mizigo la kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka. Hakuniaga. Hata mama yake hakumuaga, alimwachia Nkusi ujumbe. Bizimana anasema amemwona huko, na amekonda, anakohoa. Mimi nimelia mpaka nikachoka, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka barua yako ya mwezi wa tano, yale uliyoniuliza juu ya vidonge, nami nikakujibu kwa shingo ngumu. Sijui kama ulikuwa na haki. Sitajua.

Gauni nimelifumua. Limekuwa magauni mawili ya watoto, na yameuzwa.

Lakini sikiliza la jana. Adhana ya adhuhuri haijamalizika, mtu akagonga. Si mzee Nkusi. Mama Gasana mwenyewe, amekuja toka Masoro na icyansi amekikumbatia chini ya khanga. Hakukaa. Akauliza, "Saa sita imefika?" Nikasema imefika, mama. "Kidonge ulimeza saa ngapi?" Nikasema alfajiri, na maji. "Basi kunywa." Nikamwambia mama, uchumba umekwisha, maziwa haya siyo yangu tena. Akasema, "Mutoto wangu amekataa kujua. Wewe ulikubali. Nimupelekee nani?"

Nikanywa mpaka mwisho. Akapokea chombo, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama siku ile. Akasema, "Iko safi." Kisha akakaa chini kwenye mkeka akaanza kulia, na hakuwa ananililia mimi.

Alipotulia alinipa swali nikuandikie, nami nimeahidi nitaliandika kama alivyosema, bila kuongeza neno wala kupunguza. Anauliza kama hiyo dawa ya rangi mbili haina ndugu yake wa kutibu SIDA. Anasema kama ipo, umpe tu Bizimana ailete, yeye mwenyewe atampelekea Gasana Goma kwa miguu yake. Na anasema safari hii ameshaelewa, hatampa maziwa asubuhi.

Nimjibu nini, shangazi?

Shakira